Mjamzito, mazoezi na lawama: Nani mwenye kauli?

Lipo swali ambalo mimi, mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu, nimeulizwa zaidi ya mara moja baada ya darsa, na karibu kila mara muulizaji huwa mwanaume. Mke wake ni mjamzito. Kliniki ameambiwa atembee kila siku na afanye mazoezi mepesi. Nyumbani, mama yake muulizaji amesema mimba haichezewi, binti akae atulie mpaka ajifungue. Sasa muulizaji anataka kujua kisheria: amfuate mama, ambaye kumtii ni jambo zito katika dini yetu, au amfuate nesi, ambaye ndiye mwenye ujuzi?

Ni swali zuri, na wanaoliuliza ni watu wema, kwani mume asiyejali hawezi kubaki msikitini baada ya Isha kuulizia matembezi ya mke wake. Lakini litazame tena swali hilo, ndugu msomaji. Mama ametajwa, nesi ametajwa, na mume ndiye mwenye kuuliza. Mwenye tumbo hana kauli. Kila ninapouliza, "Na yeye mwenyewe anasemaje?", hujibiwa kuwa yeye hana neno, anasubiri kuambiwa.

Basi leo nataka tulizungumze hilo la kauli, na sababu zinazomfanya mwanamke wa mjini kwetu afanye mazoezi akiwa na mimba au asifanye. Kwa maoni yangu nyingi ya sababu hizo hazimo ndani ya mwili wake. Zimo ndani ya nyumba, katika vinywa vya watu na barabarani.

Kwanza tumtendee haki mama mkwe. Wapo wasomi wanaomcheka, wakidhani anayekataza mazoezi anatoa ujinga tu wa kizamani. Mwaka 1985 chuo cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani, ambacho miongozo yake hufuatwa na wengi duniani, kilimtaka mjamzito asiruhusu mapigo ya moyo wake yazidi 140 kwa dakika, na mazoezi ya nguvu yasizidi dakika 15. Ushahidi nyuma ya namba hizo ulikuwa mdogo, ilikuwa ni tahadhari zaidi. Mwaka 1994 mipaka ile iliondolewa. Mwaka 2002 chuo kilekile kikawa kinashauri dakika 30 au zaidi za mazoezi ya wastani karibu kila siku kwa mjamzito asiye na tatizo. Kwa hiyo mama aliyezaa watoto wake miaka ya 1980 na leo anasema "tulia, mwanangu", anasema jambo ambalo kwa kiasi fulani na mabingwa wa zama zake walikuwa wakilisema. Tofauti ni kwamba mabingwa walirudi kuchunguza, wakabadilisha kauli.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaomtaja mjamzito waziwazi. Asiye na kizuizi cha kiafya ashughulishe mwili kwa angalau dakika 150 kwa wiki, kwa kiwango cha wastani, na achanganye na mazoezi ya kuimarisha misuli. Aliyekuwa hana mazoea aanze kidogo kidogo. Anywe maji, aepuke joto kali, na baada ya miezi mitatu ya mwanzo asifanye mazoezi akiwa amelala chali. Kiwango cha wastani hakihitaji mashine kukipima: ukitembea huku unaweza kuzungumza na mwenzio lakini pumzi haikutoshi kusoma kaswida, hapo umefika. Faida zilizothibitika ni kupungua kwa uwezekano wa kisukari cha mimba, presha ya mimba, kuongezeka uzito kupita kiasi, na huzuni nzito inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua.

Wapo wasioruhusiwa, na hili lisipitwe. Mwenye kondo lililoshuka likaziba njia, mwenye mlango dhaifu wa kizazi, mwenye presha ya mimba iliyofikia hatua ya hatari, mwenye upungufu mkubwa wa damu (na kwetu tatizo la damu si geni), hao wasikilize daktari wao na si gazeti. Na yeyote aliyemo katika mazoezi akiona damu, maji yanayotoka, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana au tumbo kukaza kwa kurudiarudia, aache palepale na aende hospitali.

Ikiwa elimu iko wazi kiasi hiki, na manesi wanaisema, mbona wengi hawafanyi?

Sababu kubwa kuliko zote, kwa ninavyoona, ni lawama. Mwanamke anapoharibikiwa na mimba katika mitaa yetu, kabla damu haijakauka kikao kimeshakaa. Ulibeba nini? Ulipanda bodaboda? Ulikwenda kwa nani siku ile? Si tulikwambia usitembee? Watu wenye imani, ambao kwenye msiba wa mzee wa miaka 80 wanasema vizuri kabisa kwamba ajali haina kinga na kila nafsi ina muda wake, mbele ya msiba huu wanasahau qadar yote na kugeuka kuwa makachero. Ilhali madaktari wanajua kwamba karibu nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo, au zaidi, hutokana na hitilafu katika kromosomu, yaani kasoro iliyokuwamo tangu mwanzo wa kuumbika kwake. Mama hakuisababisha kwa kutembea, na asingeizuia kwa kulala.

Sasa jiweke mahali pake. Anajua kwamba akitembea na jambo likatokea, ataulizwa. Akikaa na jambo likatokea, atapewa pole. Hesabu yake inamwambia akae. Huo si uvivu wala ujinga. Ni mtu anayejikinga na mahakama aliyokwisha kuiona ikimhukumu dada yake.

Na hapa ndipo penye suala la kifikra ambalo lingetufaa kulitafakari hata nje ya habari ya mimba. Tuna tabia ya kudhani kwamba madhara hutoka katika kutenda tu, na kwamba aliyekaa kimya pembeni mikono yake ni safi. Wanazuoni wa Usulul-Fiqh walilijadili hili karne nyingi zilizopita: je, kuacha ni kitendo? Wengi wao walisema kwamba mtu kujizuia kutenda nako ni kitendo, ndiyo maana tunalipwa kwa kuacha haramu na tunaulizwa kwa kuacha faradhi. Tukilichukua hilo kwa uzito, basi anayemwambia mjamzito "kaa" naye ametenda. Ametoa amri yenye matokeo. Kisukari cha mimba kikija, presha ikipanda mwezi wa saba, hakuna atakayekwenda kumuuliza mama mkwe, "Si wewe uliyemkalisha?" Madhara ya kukaa yanakuja polepole, hayana sura, hayana siku ya tukio. Kwa hiyo hayana mshitakiwa. Tusidhani kwamba kukosekana mshitakiwa ni kukosekana dhima.

(Sisemi sasa tuanze kuwashitaki mama wakwe. Kila anayeugua presha ya mimba hakuugua kwa sababu ya kukaa. Wapo wanaotembea kila siku na bado ikawapata. Nasema mizani iliyotumika kwa binti itumike na kwa wengine, au iwekwe chini kabisa.)

Sababu ya pili nasikia zaidi kutoka kwa wanaume. "Mazoezi gani tena, Ustadh? Mke wangu kutwa hakai. Anafua, anapika, anabeba maji. Hayo si mazoezi?" Wakati mwingine nyumba ileile iliyopiga marufuku matembezi ya jioni haijapiga marufuku ndoo. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila ya kuhesabu ndoo yenyewe. Binti mwenye mimba ya miezi sita anaitoa bombani mpaka uani, mara tano, na hakuna anayesema mimba haichezewi. Mama ntilie mjamzito anaamka saa tisa za usiku, anasimama mbele ya karai la maandazi mpaka saa mbili asubuhi, halafu anaambiwa mazoezi ni hatari.

Ni kweli mwili hautofautishi kati ya hatua ya kwenda sokoni na hatua ya mazoezi. Shirika la Afya Duniani lenyewe linahesabu kazi za nyumbani na kutembea kwa miguu kuwa ni kushughulisha mwili, na mwanamke anayetembea kwa mwendo mzuri kwenda kazini na kurudi ana fungu lake tayari. Lakini utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kuwa kusimama muda mrefu na kuinua vitu vizito kazini vinahusiana na ongezeko, ingawa si kubwa, la kuzaa mtoto njiti, wakati mazoezi ya wastani ya hiari hayakuonekana kuongeza hatari hiyo. Wataalamu wana maelezo yao kuhusu mkao na muda. Mimi nina langu, na ni la kimaadili zaidi. Anayefanya mazoezi anaweza kusimama. Akichoka anakaa, akisikia tumbo linakaza anarudi nyumbani, akitaka leo apunguze anapunguza. Anayebeba ndoo hasimami mpaka pipa lijae, kwa sababu si mwili wake unaoamua, ni pipa. Ya kwanza inasikiliza mwili, ya pili inaunyamazisha. Kuziita zote mbili mazoezi ni kumdhulumu mtu mara mbili: unamchosha, kisha unamwambia uchovu huo ni afya yake.

Wapo pia wanaosema Swala inatosha kuwa mazoezi. Kama mwalimu wa dini neno hili huniudhi kidogo. Rakaa 17 za faradhi kwa siku ni ibada, na mjamzito asiyeweza kusujudu ameruhusiwa kuswali akiwa amekaa bila ya kupungukiwa na chochote. Tukiigeuza Swala kuwa mazoezi ya viungo, tutamwambia nini huyo aliyekaa? Kuinama na kuinuka kunanyoosha viungo, alhamdulillah, lakini hakufikii dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho, na hakukuwekwa kwa ajili hiyo.

Halafu kuna barabara. Mshauri anasema "atembee", kama kwamba kutembea ni jambo jepesi. Atembee wapi? Anayekaa karibu na bahari Upanga ana Barabara ya Barack Obama, na tangu mwaka 2022 kuna Daraja la Tanzanite ambako watu huonekana alfajiri na jioni wakitembea na kukimbia kwa raha zao. Wa Tandika, Manzese au Mbagala ana nini? Njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za biashara, mtaro uko wazi, bodaboda inapita ilipo nafasi, na vijana wa kijiweni wana la kusema kuhusu kila tumbo linalopita. Ongeza joto la Dar es Salaam la mwezi wa Januari kwa mwanamke aliyevaa baibui jeusi saa nane mchana. Mwongozo unasema aepuke joto kali, na kwa huyu joto kali ndiyo hali ya hewa. Wenye uwezo wana vyumba vya mazoezi vyenye kiyoyozi na saa maalumu za wanawake. Asiye nacho anaambiwa ana uvivu.

Neno hili uvivu nalo lina habari yake. Siku hizi imezuka lawama nyingine iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Binti akijifungua kwa kisu, utasikia, "Wasichana wa sasa wavivu, hawafanyi mazoezi, sisi tulikuwa tunalima mpaka siku ya uchungu." Mtu hakuuliza kama mtoto alikaa vibaya, kama mapigo ya moyo wa mtoto yalishuka, kama mama alikuwa na presha. Hukumu imetoka. Kwa hiyo mwanamke huyuhuyu akitembea mimba ikaharibika ni mkaidi, na akikaa akapasuliwa ni mvivu. Nina hofu kwamba sisi tunaohimiza mazoezi, pamoja na waandishi wa makala kama haya, tunaweza kuwapa watu fimbo mpya tu ya kumchapia. Mazoezi ya mjamzito ni ushauri wa kitabibu wenye faida. Si nguzo ya sita. Aliyetapika mchana kutwa na kushindwa kuinuka hana deni la mtu.

Turudi kwenye kauli. Watu wakisikia mwanamke aamue mwenyewe, wengine hushituka, wakadhani ni maneno ya kuletwa kutoka nje. Basi wasome Fiqh ya Saumu. Ramadhani ni nguzo ya Uislamu, na mjamzito anayehofia nafsi yake au mtoto wake ameruhusiwa kula. Hofu hiyo ni ya nani? Ni yake. Mafaqihi wanaeleza kwamba hujulikana kwa uzoefu wake mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Hawakusema aulizwe jirani. Sheria imemwamini mwanamke huyu kupima mwili wake katika moja ya nguzo tano, jambo lililo kati yake na Mola wake. Kisha sisi tunashindwa kumwamini apime kama leo anaweza kuzunguka mtaa mara mbili?

Mtu anaweza kusema: lakini mtoto si wake peke yake. Ana baba, ana ukoo, wote wana haki. Hoja hii ina uzito na siidharau. Mtoto aliye tumboni ana haki, na ndiyo maana mama haruhusiwi kujidhuru wala kumdhuru. Baba naye ana haki ya kujua, kushauri, na kwenda kliniki kusikia kwa masikio yake kile kilichosemwa badala ya kuletewa habari nusu. Ila haki ya kushauri si haki ya kuzuia bila ya elimu. Amana inapowekwa mikononi mwa mtu, wengine humsaidia kuitunza. Hawamnyang'anyi, kisha ikivunjika wakamrudishia yeye vipande.

Kila ninapoisomesha Sura Maryam huwa nasimama kidogo katika aya za 23 hadi 26. Bibi Maryam (A.S.) yuko katika uchungu wa kuzaa, peke yake, amejiegemeza kwenye shina la mtende, na lawama za watu wake anazijua zinamsubiri. Anaambiwa asihuzunike, kuna kijito cha maji chini yake, na alitikise shina la mtende kuelekea kwake tende zianguke. Sizitoi aya hizi kuwa dalili ya mazoezi ya viungo, hiyo itakuwa ni kuilazimisha Qur'an. Ninachokiona ni kwamba mwenye uwezo wa kumshushia tende bila ya yeye kunyoosha mkono alimwachia sehemu ya kutenda, na sehemu hiyo ilikuja pamoja na maji, chakula na maneno ya kumtuliza moyo. Hakuambiwa atikise mtende halafu akaachwa na kiu.

Hivyo ndivyo ninavyowajibu waume wanaoniuliza. Muulize mkeo anajisikiaje na angependa nini. Nenda naye kliniki, uliza mwenyewe kama yumo katika wale wenye kizuizi. Ndoo ibebe wewe, Bibi Aisha (R.A.) ameulizwa kuhusu Mtume (S.A.W.) alivyokuwa nyumbani, na jibu lake lililopokewa na Bukhari ni kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Ukitoka kuswali Alfajiri, kabla jua halijawa kali na kabla vijiwe havijafunguliwa, toka naye mkatembee nusu saa. Ukiwa ubavuni mwake maneno ya njiani yatapungua. Na mama yako usibishane naye kwa sauti. Mwambie kilichosemwa kliniki, mwambie kwa heshima kwamba zama zake madaktari nao walisema hivyo na sasa wamerekebisha, na mtangulizie hili mapema: lolote litakalotokea, katika nyumba hii hakuna atakayemhoji mke wangu.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na waulizaji wengi hulitikisia kichwa wakanyamaza.

Kuna jambo pia lililo katika uwezo wetu kama jumuiya. Shule na madrasa zetu nyingi mjini zina ua wenye ukuta, kivuli, sehemu ya wanawake, maji na choo. Asubuhi ya Jumamosi na Jumapili ua huo uko mtupu mpaka watoto waanze kufika. Wanawake wajawazito wa mtaa wangeweza kutembea humo kwa stara, bila ya bodaboda wala macho ya kijiwe, na sidhani kama kuna mtaa wetu usio na nesi au mkunga, aliyeko kazini au aliyestaafu, ambaye angekubali kuwasimamia kwa saa moja. Shuleni ninapofundisha geti hufunguliwa saa moja na nusu. Nimeomba siku hizo mbili lifunguliwe saa kumi na mbili na nusu. Nimeambiwa suala litapelekwa kwenye kikao cha kamati, na baadhi ya wajumbe wameshaanza kuuliza kama kweli wajawazito wanatakiwa kutembea.